Alfa Romeo 156 Ikikusumbua Nairobi: Dalili kwa Dalili

Ukiwa na Alfa Romeo kuukuu Nairobi, hutamaliza mwezi kabla hujaambiwa gari lako lina kisirani. Mimi niliambiwa na mlinzi wa lango letu, nikaambiwa na muuza spea wa Barabara ya Kirinyaga, kisha shemeji yangu, ambaye hajawahi kushika usukani wake, akaja kuhitimisha. Huu ni mwaka wa nne niko nalo. Ni 156 la mwaka 2000, injini ya Twin Spark ya lita 2, gia za mkono, lililotoka Uingereza likiwa limetumika. Na nasema bila kusita: kisirani hakimo. Gari hili husema kila kinacholiuma, tena mapema. Kilicholiponza ni kwamba waliolishika kabla yangu walilinyamazisha badala ya kulitibu, na kila aliyelinyamazisha alimwachia anayefuata kazi mbili.

Hilo ndilo la kujua kabla ya kufungua boneti. Kenya haikubali kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo 156 la mwaka 2000 lililoko hapa lilishuka Mombasa kabla ya 2008. Limeishi kwetu kuliko lilivyoishi Ulaya. Maelezo ya wenzetu wa Milano au Manchester yatakusaidia kujua kiwanda kilifanya nini. Hayatakuambia fundi wa mtaani alitoa nini, alifunga nini kwa waya, na alipachika nini kilichotoka kwenye gari jingine. Ndiyo maana chini ya dalili nyingi utakuta vyanzo viwili, cha kiwanda na cha Nairobi. Mara nyingi huja pamoja.

Mengi ya hapa yatamfaa pia mwenye 147, 166 au GTV yenye injini hiyo hiyo.

Mshale wa joto hautulii

Anza hapa hata kama umekuja na shida nyingine, kwa sababu joto ndilo linaloua injini hizi. Silinda hedi, sehemu ya juu ya injini yenye vali, ni ya alumini, imekaa juu ya bloku ya chuma, na alumini haisamehe. Injini ikiwa nzima, mshale hupanda baada ya dakika chache na kusimama karibu na nyuzi 90, kisha hausogei tena ukiwa Thika Road wala ukiwa kwenye foleni.

Mshale ukisimama 90 mjini lakini ukashuka hadi 70 mara tu unapoanza kukimbia, thamostati, ule mlango unaozuia maji yasiende redieta mpaka injini ipate moto, imekwama ikiwa wazi. Huo ni ugonjwa wa kawaida wa 156. Langu lilikuwa zaidi ya hapo. Halikupita 60 barabarani, na hita ilikuwa inatoa hewa ya ubaridi asubuhi za Julai, ambapo Nairobi inaweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi. Nilimpelekea mzee mmoja mwenye gereji Industrial Area. Hakufungua chochote. Aliwasha injini, akaweka kiganja juu ya bomba la juu la redieta, akaniambia nami niweke wangu. "Hesabu, binti yangu." Sikufika hata dakika moja, bomba likaanza kupata uvuguvugu. "Injini ingali baridi, na maji yameshafika redieta. Hapa hakuna mlango." Alipofungua nyumba ya thamostati, ndani mlikuwa tupu. Mlibaki duara la gundi nyeusi ya gasketi na kutu kidogo, basi.

Utalikuta jambo hili katika magari mengi Nairobi, na utaambiwa kuwa huku ni nchi ya joto, thamostati ni ya kule kwenye theluji. Si kweli. Kazi ya thamostati ni kuiwahisha injini kufika joto lake na kuiweka hapo. Isipokuwepo, kompyuta ya gari inaamini injini ni baridi siku nzima, inamwaga petroli ya ziada, plagi zinakuwa nyeusi, oili haipati moto wa kuondoa unyevu, na tangi linakauka kabla ya wakati. Nilikuwa nalaumu bei ya mafuta.

Sasa sikiliza sehemu ambayo ingenigharimu injini. Tulitia thamostati mpya, tukatia kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini, mshale ukasimama 90 kama msumari. Siku ya tatu, foleni ya Uhuru Highway karibu na Nyayo, mshale ukaanza kupanda. Mia. Mia na tano. Nilizima, nikasukumwa hadi kando na vijana wawili. Thamostati mpya haikuwa na kosa. Mtu alitoa ile ya zamani kwa sababu gari lilikuwa linachemsha, na akaacha kilichokuwa kinalichemsha. Kwa hiyo ukikuta thamostati haipo, usifurahi kwamba umepata tatizo. Umepata plasta, tafuta kidonda.

Kidonda kinatafutwa kwa kuangalia ni wakati gani mshale unapanda.

Ukipanda kwenye foleni na kushuka ukianza kwenda, hewa haivutwi, yaani fani. Washa AC huku injini ikizunguka. Fani inapaswa kuanza kwa mwendo wa pole. Ikikaa kimya, kisha injini ikipata moto sana inaanza ghafla kwa kishindo, mwendo wa kwanza umekufa na wa pili ungali mzima. Hapo chanzo ni rezista ya fani, kidude kidogo kinachoungua kwa umri. Ndicho kilichokuwa kibovu kwangu. Isipozunguka kabisa, kagua fyuzi na rilei kabla ya kununua fani. Na chungulia kama kuna mtu aliyeunganisha fani moja kwa moja na swichi chini ya dashibodi. Ukiikuta, ing'oe na urudishe njia ya asili, maana swichi inategemea kumbukumbu ya dereva.

Ukipanda unapokwea mlima tu, mfano kutoka Ruaka kwenda Limuru, fani haihusiki sana kwa kuwa hewa ya mwendo inatosha. Maji hayazunguki ipasavyo au hayapoi. Redieta imeziba, mara nyingi kwa miaka ya maji ya bomba, au pampu ya maji imechoka. Kuna pampu zenye pangaboi la plastiki ambalo hupasuka au kulegea kwenye mhimili wake: nje zinaonekana nzima, ndani hazisukumi. Ukibadilisha, chukua yenye pangaboi la chuma.

Ukipanda wakati wowote, na maji yanapungua bila kuona tone chini, wasiwasi wako uwe gasketi ya silinda hedi. Tazama kwenye tangi dogo la maji injini ikizunguka kama kuna viputo visivyokwisha. Tazama moshi mweupe wenye utamu puani. Utando wa maziwa chini ya kifuniko cha oili peke yake usikuogopeshe. Wakati wa baridi, kwa safari fupi za shule na duka, huo unaweza kuwa mvuke tu. Ukiuona kwenye kijiti cha kupimia oili, hilo ni jambo jingine.

Na kuna hili la Nairobi yenyewe. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha inayoshikiliwa na kifuniko cha tangi. Kifuniko kikilegea, pwani gari linaweza kuvumilia kidogo, hapa linachemsha karibu na kiwango kile kile ambacho fani ndiyo kwanza inaamka. Ni spea ya bei ya chini kuliko zote katika mfumo mzima, na huwa ya mwisho kufikiriwa. Ibadilishe. Usifungue kifuniko hicho injini ikiwa moto, hata kama kuna mtu amesimama na kitambaa akikuambia hakuna shida. Tia kulanti, si maji ya mfereji, kwa sababu kulanti ndiyo inayoilinda alumini isiliwe. Kisha toa hewa yote huku hita ikiwa imefunguliwa kwenye joto kali, la sivyo utakuwa na mshale wenye wazimu na utarudia kazi.

Jumamosi baada ya kuweka rezista nililipeleka Limuru. Lilipopita Ndenderu, nikiwa gia ya tatu, mzunguko ukavuka 4,000, injini ikabadilisha sauti. Sijui niielezeje. Haikuwa kelele, ilikuwa kama mtu aliyekuwa akinong'ona akaamua kusema. Mshale wa joto haukusogea. Niligeuza Limuru mjini, nikashuka na kupanda tena sehemu ile ile. Kabla ya siku hiyo lilikuwa gari nililonunua kwa kuwa mwanangu, pale yadi ya Ngong Road, alilizunguka mara mbili akitafuta pa kushika mlango wa nyuma. Mchoraji wake, Walter de Silva, alikificha kishikio kwenye kona ya dirisha ili ubavu uonekane wa milango miwili. Mtoto alipokipata alicheka kwa sauti, nami nikalipa. Siku ya Limuru ndipo nilipolipenda.

Injini inamisi, au imekosa nguvu

Kwanza ondoa lisilo ugonjwa. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo hapa tulipo karibu sehemu moja ya tano imeshakwenda na hewa nyembamba. Nguvu za farasi 150 za kwenye karatasi zinakuwa 120 na ushee. Ukilinganisha na ulichosoma, utabadilisha spea nzima bure. Linganisha gari lako na lilivyokuwa jana.

Kama kweli inamisi, inatetemeka ikiwa imesimama au inakatakata ukikanyaga, nenda kwenye plagi. Jina Twin Spark lina maana yake: kila silinda ina plagi 2. Kwa silinda 4 ni plagi 8, na si za ukubwa mmoja; 4 ni kubwa, za katikati, na 4 ni nyembamba, za pembeni. Tulipozitoa zangu tulizipanga juu ya gunia, kila moja mahali pake. Kubwa zote 4 zilikuwa mpya, bado zina rangi ya dukani. Ndogo zilikuwa hazijaguswa tangu Uingereza. Ncha zimelika hadi zimekuwa kama kucha iliyokatwa, na moja ilikuwa imelowa oili. Aliyetangulia alinunua plagi 4 kwa sababu silinda ni 4. Hakuna aliyemwambia. Zinazofaa ni za platinamu, NGK PFR6B kwa kubwa na PMR7A kwa ndogo, na zikiwa halisi hukaa hadi kilomita 100,000. Usikubali kuwekewa "zinazofanana". Ile iliyolowa ilitokana na gasketi ya kifuniko cha vali iliyovuja ndani ya shimo la plagi, kwa hiyo gasketi ilibadilishwa siku hiyo hiyo. Ukiona oili kwenye shimo, usifute tu.

Plagi zikiwa sawa na bado silinda moja inakataa, hamisha koili yake, kidude kinachoipa plagi umeme, uiweke kwenye silinda nyingine. Kumisi kukihama nayo, umemjua mwizi bila kununua kitu.

Kukosa nguvu bila kutetemeka ni kesi nyingine. Gari linakwenda, lakini ukikanyaga katikati linasita kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake. Mtuhumiwa mkuu ni sensa inayopima hewa, iliyo kwenye bomba baada ya kichujio. Jaribio lake ni la dakika 10: zima gari, chomoa soketi ya waya ya hiyo sensa, endesha. Kompyuta itatumia makadirio yake. Kama gari linakwenda vizuri zaidi bila sensa, sensa imekufa. Taa ya injini itawaka kwa sababu umechomoa, usishtuke. Kabla ya kununua nyingine, kagua lile bomba la mpira lenye mikunjo linalotoka kwenye sensa. Likipasuka ndani ya mkunjo huoni kwa juu, mpaka ulikunje kwa mkono. Langu lilikuwa limezungushiwa selotepu nyeusi mara tatu.

Usitegemee sana mashine ndogo za kusoma kompyuta za bei nafuu. Ulaya ililazimisha mfumo mmoja wa kusoma hitilafu kwa magari ya petroli kuanzia 2001, na gari la kabla ya hapo linaweza kukaa kimya mbele ya mashine hizo. Kimya hicho hakimaanishi gari halina tatizo.

Likiwaka asubuhi linanguruma kama dizeli

Ni sekunde mbili tatu za mgongano kama wa lori, upande wa mikanda, kisha kimya. Hiyo ni varieta, kidude kilicho mwisho wa kamshafti, mhimili unaofungua vali, kinachobadilisha wakati wa vali kufunguka. Oili ikishuka usiku, injini huwaka kidude hicho kikiwa kikavu, nacho kinagonga. Chenyewe hakitakuacha njiani kesho. Lakini kichukue kama kengele, kwa sababu mtu anayebadilisha mkanda wa taimingi kwa haki hubadilisha na varieta. Varieta ikipiga kelele, uliza mkanda una umri gani.

Hapa sitapunguza ukali wa maneno. Kiwanda awali kilitaja kilomita 120,000 kwa mkanda huo, kisha kikapunguza hadi 60,000. Ukikatika, vali zinakutana na pistoni na injini imekwisha. Kwenye lita 2 kuna mkanda wa pili, mwembamba, wa mihimili ya kusawazisha mtikisiko. Huo nao ukikatika unaweza kuingia chini ya mkubwa na matokeo ni yale yale. Ukinunua 156 na muuzaji akakuambia mkanda "ulibadilishwa juzi juzi" bila risiti yenye tarehe na kilomita, hesabu kwamba haujabadilishwa. Lipeleke gereji kwa gari la kuvuta.

Na muulize fundi swali moja kabla hujamwachia ufunguo: "Una vifaa vya kufungia kamshafti?" Kwenye magari mengi ya Kijapani fundi hupaka alama za rangi nyeupe kwenye puli, anavua mkanda, anavisha mwingine kwa alama zile zile, na kazi inatoka safi. Hapa haitoshi. Kamshafti hufungwa kwa vyuma maalumu, pistoni ya kwanza hupimwa kwa geji kwamba iko juu kabisa, puli hulegezwa, ndipo mkanda unakazwa. Akijibu kwamba ana macho na uzoefu wa miaka 20, mshukuru, umsalimie, uondoke. Sisemi kwa dharau. Ni watu wenye mikono ya ajabu. Kifaa ni kifaa.

Kama gari lilitoka kubadilishwa mkanda likaanza kutetemeka na kukosa nguvu, taimingi imepishwa jino. Usiliendeshe "lizoee".

Oili inapotea na hakuna inapovuja

Twin Spark hunywa oili. Huo si ugonjwa, ni desturi yake, mradi unajua. Ugonjwa huja kwa asiyejua: oili ikishuka, beringi za konrodi, vyuma vinavyoshikilia pistoni, ndizo za kwanza kuungua, na mlio wake ni mgongano wa chini, mzito, unaofuata mzunguko wa injini. Ukiusikia, zima hapo hapo ulipo.

Pima kila unapojaza mafuta mara ya pili, asubuhi, gari likiwa pahali tambarare. Tumia 10W-40. Kuna wanaopenda kutia oili nzito zaidi ili isinywewe, varieta haitakushukuru.

Tazama na sampu, bakuli la oili chini ya injini. Gari hili liko chini na matuta yetu hayana kipimo. Ukigusa tuta kwa tumbo, ukifika tu chungulia chini kwa tochi, usisubiri taa.

Haliwaki

Kama stata haizunguki au inazunguka kwa uvivu, usinunue betri kwanza. Nunua mita ya kupimia umeme, Barabara ya Luthuli zimejaa. Betri nzima gari likiwa limezimwa usiku hutoa volti 12.6 hivi, na injini ikizunguka utasoma kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya hapo oltaneta, inayochaji betri, ndiyo inayoomba msaada, na Nairobi ina mafundi wa kuifunga upya vizuri sana, sina haja ya kukuagizia mpya.

Kipimo ambacho wengi hawakifanyi ni cha waya wa athi, ule unaofunga hasi ya betri kwenye bodi na giaboksi. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwambie mtu apige stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, waya huo au bolti yake imeoza. Fungua, sugua hadi chuma king'ae, funga, paka grisi. Nusu ya vitimbi vya umeme wa gari la Kiitaliano, taa zinazofifia, vioo vinavyokataa, mishale ya dashibodi inayocheza, hukaa kwenye bolti tatu nne za namna hii. Niliwahi kulipia siku nzima ya fundi wa umeme kwa kazi iliyomalizwa na karatasi ya msasa.

Stata ikizunguka vizuri lakini injini haishiki, na taa ya CODE imebaki imewaka, gari halijautambua ufunguo. Jaribu ufunguo wa pili, ukiwa peke yake, mbali na funguo nyingine. Wakati wa kununua, dai funguo zote mbili na ile kadi ndogo yenye namba za siri. Bila kadi hiyo, kutengeneza ufunguo mwingine ni safari ndefu.

Kwa wenye Selespeed, zile zisizo na klachi mguuni: fungua mlango wa dereva usikilize. Lazima usikie mvumo mfupi wa pampu ikijenga presha. Kimya kinaelekea kwenye rilei au pampu. Mvumo usiokwisha unaelekea kwenye uvujaji au akumuleta, chombo kinachotunza presha hiyo, iliyochoka. Na kumbuka halikubali kuwaka bila breki kukanyagwa, kwa hiyo swichi ya breki ya bei ndogo inaweza kukufanya uamini giaboksi imekufa. Kagua kama taa za breki za nyuma zinawaka kabla ya kumwita mtu yeyote.

Taa ya mifuko ya hewa

Karibu kila mara ni soketi ya manjano chini ya kiti cha mbele, iliyolegezwa na kiti kusukumwa mbele na nyuma. Chomoa betri, subiri dakika 10, ndipo uiguse. Usitoe balbu ya taa hiyo ili usiione. Nimelikuta hilo pia.

Linalia kwenye matuta

Mlio wa kitanda cha chuma, mbele, kila ukipita tuta pole pole. Ni mkono wa juu wa saspensheni, ambao mafundi wa Grogan hapa Nairobi wanauita apa amu. Maji ya mvua hupenya kwenye boljointi yake, kile kiungo cha mviringo, grisi inaoshwa, kutu inaanza. Ndiyo sababu wakati wa mvua za Aprili unanyamaza ukadhani umepona, kisha jua likiwaka siku mbili unarudi kwa nguvu zaidi. Ukitaka kuhakikisha, mwagia maji boljointi ya juu ya upande mmoja na ulibonyeze gari kwa mikono juu ya gurudumu. Upande ulionyamaza ndio mgonjwa.

Wapo wanaodunga grisi ndani ya boljointi kwa sindano. Inafanya kazi wiki kadhaa, na mimi nimeifanya nikiwa nasubiri spea. Lakini ukishika gurudumu juu na chini, gari likiwa kwenye jeki, ukahisi linacheza, acha sindano. Hapo boljointi inaweza kuachia. Kagua pia upande wa ndani wa matairi ya mbele. Yanaweza kuwa mazima kwa nje na kwa ndani yameshaonyesha waya. Baada ya kubadilisha mkono wowote, pimisha magurudumu, usiende kwa kukadiria.

Mkono wa kushoto niliubadilisha mwaka jana. Wa kulia ndio sasa umeanza, kwa sauti nyembamba, unaposhuka tuta, si unapopanda. Nilisugua Kirinyaga nzima sikupata, kwa hiyo unakuja na mpwa wangu anayerudi kutoka London mwisho wa mwezi. Nimeshamweleza uzito wake na upande: upande wa dereva, asije akabadilishiwa dukani. Mpaka afike, matuta ya kwenda shuleni nayapita kwa gia ya kwanza, dirisha limefunguliwa, redio imezimwa, na mwanangu aliye nyuma ndiye anayenihesabia ni mangapi yamelia.